Kuikwepa Rada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila vita vikizuka mahali, mjadala wa ndege "zisizoonekana" hurudi mitandaoni, na pamoja nao hurudi hadithi zilezile. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu fizikia: kinachofanywa ili chombo kitoe mwangwi mdogo kwenye rada, na mahali ambapo maumbile yenyewe yanagoma. Humu hamna siri ya jeshi lolote.

Je, ipo ndege ambayo rada haiwezi kuiona kabisa?

Haipo. Rada hurusha mawimbi ya redio kisha husikiliza yanayorudi, na kitu chochote kisicho hewa hurudisha kiasi fulani: chuma, mbao, maji, hata kunguru. Kinachowezekana ni kuupunguza mwangwi mpaka uzame ndani ya kelele za mitambo ya rada yenyewe. Chombo kikisogea karibu, mwangwi unaibuka tena. Kwa hiyo mtu akikuambia ndege fulani haionekani, muulize: kwa umbali gani, kwa rada ya urefu gani wa wimbi, na ikitazamwa kutoka upande upi? Bila hayo matatu, hajasema kitu.

Nasikia ukubwa wa mwangwi hupimwa kwa mita za mraba. Mbona haulingani na ukubwa wa ndege?

Kwa sababu kipimo hicho hulinganisha mwangwi na ule wa tufe la chuma. Kitu chenye mwangwi wa mita 1 ya mraba ni kile ambacho rada hukipokea sawa na tufe lenye kipenyo cha mita 1.13, hata kama chenyewe kina ukubwa wa nyumba.

Umbo lina nguvu kuliko ukubwa, na tofauti yake inashangaza. Bamba la chuma la mita 1 kwa mita 1, likitazamana uso kwa uso na rada ya mawimbi ya sentimita 3, lina mwangwi wa karibu mita za mraba 14,000. Ligeuze kwa chini ya digrii moja tu, mwangwi unaporomoka hadi karibu na sifuri. Chuma ni kilekile na eneo ni lilelile. Nguvu zimekwenda kwingine.

Ben Rich, aliyeongoza kitengo cha siri cha kampuni ya Lockheed cha Skunk Works kuanzia 1975, amesimulia kwamba alikuwa akiviringisha gololi za chuma juu ya meza za majenerali ili waelewe ndege aliyokuwa akiwauzia inafanana na nini machoni mwa rada. Gololi ya sentimita 3.6 ni sawa na mwangwi wa elfu moja ya mita ya mraba. Takwimu kamili za ndege za kivita hazitolewi hadharani, na zile zinazozunguka mitandaoni hadi nukta ya nne zichukuliwe kwa tahadhari.

Kama mwangwi umepunguzwa mara elfu kumi, mbona rada bado inaipata?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, nami naona ndiyo hesabu muhimu kuliko zote katika mada hii.

Mawimbi yakitoka kwenye rada hutawanyika, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye ndege hupungua kwa mraba wa umbali. Mwangwi nao unaporudi hutawanyika vilevile. Ukizidisha safari zote mbili, nguvu inayorudi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Sheria hiyo humsumbua mwenye rada, maana akitaka kuona mbali mara mbili lazima aongeze nguvu mara 16. Lakini humsumbua anayejificha kwa kiwango kilekile: akipunguza mwangwi wake mara 16, amekata umbali wa kuonekana kwa nusu tu.

Chukua rada inayoiona ndege ya kawaida kutoka kilomita 200. Punguza mwangwi mara 10, itaiona kutoka kilomita 112. Mara 100, kilomita 63. Mara 1,000, kilomita 36. Mara 10,000, kilomita 20. Kila hatua inagharimu fedha na kazi nyingi kuliko iliyotangulia, na kila hatua inakata kilomita chache kuliko iliyotangulia.

Hata hivyo usidharau hizo kilomita 20. Kituo cha rada kilichokuwa kinafunika duara la kilomita 200 sasa kinafunika asilimia moja tu ya eneo lile. Kati ya kituo na kituo panafunguka mianya, na rubani mwenye ramani nzuri hupita humo. Ndege hizi huishi kwa mianya hiyo.

Kwa nini F-117, ndege ya kivita ya Marekani, ilikuwa na umbo la ajabu vile, kama imekatwa kwa shoka?

Kwa sababu ya kompyuta za miaka ya 1970. Lengo lilikuwa kuelekeza miakisiko pembeni, mbali na rada iliyorusha. Ili kujua miakisiko itakwenda wapi ilibidi ikokotolewe, na nyuso bapa ndizo zilizokokotoleka. Nyuso zilizopinda ziliwashinda.

Nadharia yenyewe ilitoka Urusi ya Kisovieti. Mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alichapisha mwaka 1962 kazi kuhusu jinsi mawimbi yanavyotawanywa na kingo za vitu. Kwao haikuwekwa siri. Jeshi la Anga la Marekani liliitafsiri mwaka 1971, na Denys Overholser wa Lockheed akaona kwamba humo mlikuwa na kipande kilichokosekana: bapa ukishaligeuza pembeni, mwangwi unaobaki hutoka kwenye kingo zake. Wakaandika programu iliyoitwa Echo 1, ndege ya majaribio ya Have Blue ikaruka Desemba 1977, na F-117 ikafuata Juni 1981. Umma uliambiwa kuwa ipo Novemba 1988.

Ndege ile haikuwa rahisi kuruka. Bila kompyuta kurekebisha mabawa muda wote isingekaa angani. Silaha zilifichwa tumboni, matundu ya hewa ya injini yakafunikwa kwa wavu, na vioo vya rubani vikapakwa utando unaopitisha umeme, kwa kuwa chumba cha rubani chenye kiti, kofia na vifaa ni chanzo kikubwa cha mwangwi.

Kompyuta zilipokua, mabapa yakaachwa. B-2, ndege ya mabomu iliyoundwa na kampuni ya Northrop, iliyoruka mara ya kwanza Julai 1989, imepinda kwa ulaini na haina mkia. Kingo zake zimepangwa kwenye mielekeo michache tu, ili mwangwi utoke kama michirizi myembamba michache. Rada ikikumbwa na mchirizi mmoja, ndege inasogea na mchirizi unaipita rada.

Kwa hiyo rangi maalumu haina kazi?

Inayo, ila ni msaidizi wa umbo. Jinsi ya kufyonza mawimbi imejulikana tangu Vita Kuu ya Pili, wakati Wajerumani walipopaka vifaa vya aina hiyo kwenye mabomba ya hewa ya nyambizi zao. Mpango rahisi kabisa unaitwa kwa jina la Winfield Salisbury, Mmarekani aliyefanya kazi na rada enzi zile. Unachukua karatasi yenye ukinzani wa omu 377, ambao ndio ukinzani wa anga tupu kwa mawimbi ya redio, unaiweka mbele ya chuma kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Wimbi lililogonga chuma na kurudi linakutana na lile lililogonga karatasi likiwa kinyume chake, yanafutana, na nguvu inaishia kuwa joto ndani ya karatasi. Joto lenyewe ni dogo mno, maana kinachofika kutoka kwenye rada ya mbali ni sehemu ndogo sana ya wati.

Sasa angalia hiyo robo ya wimbi. Kwa rada ya gigahezi 10, yenye mawimbi ya sentimita 3, ni milimita 7.5, unene unaovumilika. Kwa rada ya megahezi 150, yenye mawimbi ya mita 2, ni nusu mita. Hakuna atakayeivika ndege godoro la nusu mita.

Unaweza kuupunguza unene kwa kuchanganya vitu vya sumaku, kama unga laini wa chuma au feraiti. Vigae vya feraiti vya milimita kadhaa hufyonza vizuri mawimbi marefu kwenye kuta za vyumba vya kupimia antena, lakini ni vizito kama mawe, na uzito ni adui wa ndege.

Je, mjanja mmoja hawezi kubuni utando mwembamba, mwepesi na unaofyonza kila wimbi? Konstantin Rozanov alionyesha mwaka 2000 kwamba hawezi, na hakuhitaji kujua utando umetengenezwa kwa nini. Alitumia kanuni moja tu, kwamba wimbi haliwezi kurudi kabla halijafika, akapata kikomo kinachounganisha unene na upana wa mawimbi yanayofyonzwa. Ukiweka namba: utando usio wa sumaku, uliobandikwa kwenye chuma, unaotakiwa kupunguza mwangwi mara 100 kwa mawimbi yote kuanzia sentimita 3 hadi mita 2, lazima uwe na unene wa angalau sentimita 23. Ukikubali kupunguza mara 10 tu, sentimita 11 na nusu. Kemia haisaidii hapo, wala akili bandia.

Kuna pia taabu ya matunzo. Tando hizi hupasuka na kubanduka, na mwanya mdogo kati ya bamba na bamba unaweza kuharibu kazi yote. B-2 hulazwa kwenye mabanda yenye hewa inayodhibitiwa, na saa za fundi ni nyingi kuliko za rubani.

Ni kweli rada za kizamani zinaziona ndege hizi vizuri kuliko rada mpya?

Kuna ukweli ndani yake, ila sababu ni urefu wa wimbi. Umri hauhusiki.

Kugeuza miakisiko pembeni hufanya kazi pale ambapo uso ni mkubwa mara nyingi kuliko wimbi. Kwa wimbi la sentimita 3, bawa ni uwanja mpana. Kwa wimbi la mita 2, ncha ya bawa, pezi la mkia na mdomo wa injini vina ukubwa unaokaribiana na wimbi lenyewe. Hapo vinaitikia kama antena, na pembe walizohangaika kuzikata hazina maana kubwa tena. Utando nao, kama tulivyoona, ni mwembamba mno kwa mawimbi hayo.

Mbona basi kila nchi haitumii mawimbi marefu tu? Kwa sababu upana wa mwali wa rada hutegemea urefu wa wimbi ukigawanywa kwa upana wa antena. Wimbi la mita 2 kwenye antena ya mita 10 linatoa mwali wa digrii 10 na zaidi. Unajua kuna kitu upande ule. Hujui kiko wapi kwa usahihi wa kumfikishia kombora.

Serbia waliiangushaje F-117 mwaka 1999?

Usiku wa Machi 27, 1999, NATO ilipokuwa ikiipiga Yugoslavia, ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, kikosi cha makombora kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliiangusha karibu na kijiji cha Buđanovci, kwa kombora la S-125 la Kisovieti, mfumo ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rubani, Dale Zelko, aliruka kwa mwavuli na kuokolewa saa chache baadaye. Vipande vya ndege vimo katika jumba la makumbusho ya anga Belgrade.

Rada yao ya kutafuta ilikuwa P-18, yenye antena 16 za Yagi (zinazofanana na zile za televisheni za juu ya paa) na mawimbi ya karibu mita 2. Hiyo iliwapa fununu ya upande. Rada ya kuongozea kombora, ya mawimbi mafupi, iliweza kuishika ndege ilipokuwa karibu sana, kilomita kumi na kitu. Hesabu ya kipeo cha nne ilitimia: umbali ulipokwisha, kinga ikaisha.

Lakini fizikia peke yake isingetosha. Ndege zile zilikuwa zikipita njia zilezile usiku baada ya usiku. Watu wa Dani waliwasha rada kwa sekunde chache tu, wakazima, na walihama mara kwa mara ili wasipigwe na makombora yanayofuata mawimbi ya rada. Nionavyo, nidhamu ile ilichangia kuliko mtambo wowote. Na isisahauliwe kwamba safari nyingine nyingi sana za ndege hizo, Iraq 1991 na hapohapo Yugoslavia, zilimalizika salama.

Kitu kinachofyonza mawimbi yote, si ndiyo kimetoweka?

La. Kitakuwa na kivuli. Nyuma ya kitu kilichonywa mawimbi yote pana pengo, na kwa hesabu za mawimbi, pengo hilo ni sawa na kusema kitu kimerusha mawimbi mapya kuelekea mbele, yenye ukubwa uleule na kinyume, yakafuta yale yaliyokuwapo. Mtawanyiko huo wa kivuli hauondolewi na rangi yoyote, kwa kuwa hautegemei kitu kimetengenezwa kwa nini. Unategemea eneo la kivuli tu. Ndege yenye eneo la mita za mraba 10, kwa wimbi la mita 2, ina mtawanyiko wa mbele wa zaidi ya mita za mraba 300, iwe imepakwa au haikupakwa.

Ndiyo maana watafiti hupenda rada zenye kirushi mahali pamoja na kipokezi mahali pengine. Nyingine hazirushi chochote. Husikiliza mawimbi ya redio za FM na televisheni zilizopo tayari. Wazo hilo si geni. Jaribio la Daventry, Uingereza, Februari 26, 1935, lililoanzisha rada ya Waingereza, lilitumia kituo cha redio cha BBC na ndege ya mabomu aina ya Heyford, huku Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins wakisubiri kando na kipokezi chao.

Nazo zina udhaifu. Mwali wa kivuli ni mwembamba, na ndege inapokuwa katikati ya kirushi na kipokezi ni vigumu kupima iko umbali gani.

Na ile teknolojia ya plazma? Na "vazi" la kupindisha mawimbi?

Plazma, yaani gesi ambayo elektroni zimetengana na atomi zake, hufyonza na kuakisi mawimbi ya redio. Vyombo vinavyorudi kutoka angani hupoteza mawasiliano kwa sababu hiyo. Tatizo ni kuitunza. Ili iathiri wimbi la gigahezi 10 inahitaji elektroni zaidi ya trilioni moja kwa kila sentimita ya ujazo, na katika hewa nzito ya chini elektroni hizo hupotea upesi sana, kwa hiyo unalipa umeme mwingi bila kukoma. Tena plazma yenye moto huonekana kwa vifaa vya kupima joto.

Vazi lilitengenezwa kweli, mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, kutokana na nadharia ya John Pendry. Lilificha silinda ndogo ya shaba, kwa masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ya takriban gigahezi 8.5 tu. Wimbi linalozunguka kitu lina njia ndefu kuliko lile lililonyooka, na lazima yafike pamoja. Hilo huwezekana kwa ukanda mwembamba wa masafa. Rada ikibadili masafa, vazi limevuka.

Kuhusu kurusha mwangwi wa kinyume ili kuufuta wa kwanza: unahitaji kujua wimbi linatoka wapi, la masafa gani, na kulijibu kwa usahihi wa milimita chache. Ukikosea nusu ya wimbi umeuongeza badala ya kuufuta.

Vipi kuhusu droni ndogo za plastiki?

Plastiki hupitisha mawimbi, lakini betri, mota na nyaya hurudisha. Mwangwi wao unakaribiana na wa ndege wa porini, na hilo ndilo tatizo: rada inaziona, kisha inazichuja pamoja na bundi na popo. Pia huruka chini. Antena ya mita 10 huona kitu kilicho mita 100 juu kutoka kilomita 54 hivi, na hakuna nguvu ya mtambo itakayoondoa mviringo wa dunia.

Boti yangu ni ya faiba. Je, meli kubwa zinaniona usiku?

Swali hili linatoka kwa watu wa pwani, nalo lina uzito kuliko yote ya ndege za kivita. Faiba na mbao hurudisha mawimbi kidogo sana. Ngalawa au mashua ya mvuvi kati ya Unguja na Dar es Salaam, au nje ya Kilindini, inaweza kupotea kabisa ndani ya mwangwi wa bahari iliyochafuka, hasa nahodha wa meli akiwa amepunguza usikivu wa rada ili kuondoa fujo hiyo. Injini ya boti inasaidia kidogo, lakini iko chini na mara nyingi imefichwa na maji.

Dawa ni kiakisi cha kona: mabamba matatu ya chuma yaliyokutana kwa pembe mraba, ambayo hurudisha wimbi kulekule lilikotoka. Chenye pande za sentimita 30 hutoa mwangwi wa karibu mita za mraba 38 kwa rada ya sentimita 3, na kama mita za mraba 3.4 kwa rada ya sentimita 10. Ukirefusha upande mara mbili, mwangwi unaongezeka mara 16. Kanuni za kimataifa za SOLAS, zinazohusu usalama wa maisha baharini, zinavitaka vyombo vya chini ya tani 150 kubeba kiakisi pale inapowezekana, kinachoonekana kwa rada za gigahezi 9 na 3 (yaani za sentimita 3 na 10 hivi). Kifungwe juu kadiri mlingoti unavyoruhusu, na pembe ziwe za digrii 90 kwelikweli. Kikipinda kidogo, kazi imepungua sana. Sufuria iliyoning'inizwa haitoshi.

Naweza kupaka gari rangi hizo ili tochi ya trafiki isinipate?

Hapana. Tochi nyingi sasa hutumia leza, ambayo ni mwanga, na mwanga huo hurudishwa vizuri sana na namba ya gari na taa zako. Kwa zile za rada, punguza mwangwi mara 16 kwa gharama yoyote upendayo: askari atakupima ukiwa nusu ya umbali, na spidi itakuwa ileile.

Nimeona ndege za kivita za Marekani za F-22 na F-35 zikibeba kifaa cha kuongeza mwangwi. Kwa nini?

Wakati wa amani lazima waongozaji wa ndege wazione. Faida ya pili ni kwamba kila rada jirani inayozipima inarekodi mwangwi wa kiakisi, na ule halisi unabaki kuwa siri hadi siku kifaa kitakapofunguliwa.

Kuna matumizi ya kiraia?

Yapo, na yanaongezeka. Mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo huzunguka kwa kasi inayofanana na ya ndege au mvua, yakaichanganya rada ya hali ya hewa. Karibu na Perpignan, Ufaransa, shamba la upepo lilijengwa likiwa na mapanga yaliyotiwa vifyonzi kwa ajili hiyo. Kazi pale ni nyepesi kuliko kwenye ndege: rada inayolalamikiwa inajulikana, haihami, na urefu wa wimbi lake ni mmoja.